Utafiti wa kusini unapotelea kwenye ukurasa wa marejeo

Anayesoma makala za kisayansi kuhusu dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, atakuta jina lake limeandikwa hivi: Giraffatitan brancai (Janensch, 1914). Wengi hupita bila kuyatazama mabano yale, ilhali yamebeba habari. Kwa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, jina la mtaalamu likiwekwa ndani ya mabano maana yake ni kwamba alipoieleza spishi hiyo kwa mara ya kwanza aliiweka kwenye jenasi nyingine, kisha baadaye ikahamishwa. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1914 Werner Janensch alimwita mnyama huyu Brachiosaurus brancai. Mwaka 1988 Gregory Paul akapendekeza jina la Giraffatitan, na uchambuzi wa Michael Taylor wa 2009 ukawashawishi wataalamu wengi kwamba mnyama wa Lindi hastahili kuwekwa jenasi moja na yule wa Marekani. Mwandishi anayeyafuta mabano hayo kwa kudhani ni mapambo anakuwa amesema jambo ambalo si kweli, kwamba Janensch ndiye aliyetunga jina la Giraffatitan.

Hapa kwetu kusini mwa Tanzania marejeo bado yanachukuliwa kama kazi ya kufagia baada ya nyumba kujengwa. Mwalimu anayesoma shahada ya umahiri huku anafundisha sekondari Masasi, mtafiti mchanga wa kilimo, mhadhiri anayetafuta kupanda daraja, wote humaliza utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala kwanza. Kisha, siku moja kabla ya kutuma mswada, faili linapelekwa steshenari: "Nipangie marejeo kwa APA," yaani kwa mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo. Kijana wa steshenari anajua kuchapa, kupanga kurasa na kutoa kopi, na anaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini hajavisoma vyanzo. Ataweka koma na nukta mahali pake, atalaza herufi zinazotakiwa kulazwa, na makosa yaliyo ndani ya kila mstari yatabaki vilevile, safari hii yakiwa nadhifu.

Nasema kwa uhakika wa mtu aliyesoma miswada mingi ya aina hii: tafiti zinazofanyika Mtwara na Lindi ni nyingi kuliko zile ambazo mtu wa mbali anaweza kuzipata. Tofauti hiyo haitokani na uvivu wa watafiti wetu. Sehemu yake kubwa inatokana na majina yaliyoandikwa kwa namna tatu, ripoti zisizo na mwaka, wazee waliotajwa mara moja ndani ya sentensi wakasahauliwa, na vyanzo ambavyo mwandishi hakuviona kwa macho yake. Mkulima wa korosho analielewa jambo hili haraka kuliko msomi, kwa sababu ameishi ndani ya stakabadhi ghalani: mzigo wenye stakabadhi iliyokosewa jina au uzito upo ghalani, korosho ni nzuri, ila kumfikia mwenyewe na malipo yake inakuwa shida.

Mitindo yenyewe haina uchawi. Ule wa kutaja jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano kwa kawaida unarudishwa nyuma hadi 1881, kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia katika utafiti kuhusu konokono asiye na gamba. Kutokana na chuo hicho watu wakauita Harvard, lakini Harvard haina mwenyewe: hakuna taasisi moja inayotoa kitabu cha kanuni zake. Ndiyo maana maelekezo ya "tumia Harvard" hayajakamilika, na anayeyapokea afungue makala mbili tatu za toleo la karibuni la jarida lile lile aone wao wanaiandikaje. APA ina mwenyewe, Chama cha Saikolojia cha Marekani. Ilianza mwaka 1929 kama mwongozo wa kurasa saba ndani ya jarida, na leo iko kwenye chapa ya saba iliyotoka mwishoni mwa 2019. Vancouver, mtindo wa namba unaopendwa na majarida ya tiba, ulitokana na wahariri waliokutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978 ili mwandishi aliyekataliwa na jarida moja asilazimike kuchapa upya mswada mzima kwa ajili ya jingine.

Wengi wetu tulifundishwa APA ya chapa ya sita na hatujahama. Chapa ya saba imeondoa mji wa uchapishaji, kwa hiyo "Dar es Salaam:" mbele ya jina la mchapishaji haitakiwi tena. Waandishi wakiwa watatu au zaidi, ndani ya matini anatajwa wa kwanza tu, na wengine wanafupishwa tangu mara ya kwanza. Kwenye orodha, kinyume chake, majina yote yanaandikwa mpaka ishirini. DOI, namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, inaandikwa kama anwani kamili inayofunguka. Wahariri wanayaona haya kwa sekunde chache, na mswada wenye sura ya zamani unaanza kusomwa kwa mashaka. Sisemi kwamba hiyo ni haki. Yapo majarida, yakiwemo mengi ya kampuni ya Elsevier, yanayopokea mswada wa kwanza kwa mtindo wowote alimradi marejeo yawe kamili na yafanane, na ningependa majarida ya kwetu yaige utaratibu huo. Lakini hata yanayolegeza mtindo hayalegezi ukamilifu. Ukiandika 2014 ndani ya matini na 2015 kwenye orodha, hakuna mtindo wa kukuokoa.

Penye uzito zaidi ni majina.

Mitindo hii yote ilitungwa na watu wenye jina la ukoo. Inadhani kwamba neno la mwisho katika jina la mtu ndilo linalomtambulisha, na yaliyotangulia yanaweza kufupishwa kuwa herufi. Mtanzania ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Neno la mwisho ni la babu, au la baba kama mwandishi ameandika majina mawili. Pwani ya kusini, ambako Hamisi, Saidi na Mohamedi ni majina ya nusu ya mtaa, "Mohamed, S." anaweza kuwa mtu yeyote kuanzia Kilwa hadi Msimbati. Kibaya zaidi, mtu yule yule anachapisha makala moja kwa majina mawili, nyingine kwa matatu, ya tatu kwa jina la mume. Mashine zinazohesabu nukuu zinamgawa kuwa watu watatu, kila mmoja akiwa na kazi kidogo. Siku ya kuombea daraja, kazi zake nusu hazimtambui.

Dawa yake ni rahisi, na inasikitisha kuwa vyuo havimsimamii kila mwanafunzi aitumie mapema. Chagua namna moja ya kuandika jina lako kabla ya makala ya kwanza, na usiibadilishe. Kisha jisajili ORCID, namba ya tarakimu kumi na sita inayotolewa bure tangu 2012, inayobaki nawe hata jina likibadilika. Unapomnukuu Mtanzania mwenzako, usikisie jina lipi ni la mwisho. Tazama yeye mwenyewe anajiandikaje kwenye makala zake, umfuate.

Lindi ina mfano ambao ningetaka kila mhariri aujue. Uchimbaji wa Wajerumani pale Tendaguru, kuanzia 1909 hadi 1913, ulitoa zaidi ya tani 200 za mifupa iliyobebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Kazi ya uwanjani ilisimamiwa kwa sehemu kubwa na mtu wa huku huku, Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 Kristian Remes alipoeleza dinosaria mwingine kutoka mifupa hiyo alimpa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Jina lililochaguliwa ni Boheti, lake mwenyewe, si Amrani, la baba yake. Programu ya marejeo ikiachiwa ifanye itakavyo ingemgeuza kuwa "Amrani, B. B.", na msomaji angeshindwa kuunganisha jina la spishi na mtu aliyeheshimiwa. Bin na binti ni sehemu ya jina na zinaeleza nani ni mtoto wa nani. Zisikatwe kuwa herufi B.

Tendaguru inaonyesha pia kwa nini mwaka na jina la aliyetangulia vinapaswa kuandikwa bila kubahatisha. Mwaka 1908, kabla ya uchimbaji ule mkubwa, Eberhard Fraas aliwapa baadhi ya dinosaria wa Tendaguru jina la Gigantosaurus. Jina hilo lilikuwa limekwishatumiwa na Seeley mwaka 1869 kwa mifupa ya Uingereza, na kwa hiyo mwaka 1911 Richard Sternfeld akaleta jina jingine, Tornieria. Janensch naye baadaye akamhamishia mmoja wao kwenye jenasi ya Barosaurus. Mwaka 2006 Remes akarudi kwenye kumbukumbu zote hizo na kumrudishia mnyama yule jina la Tornieria. Karibu miaka mia imepita kati ya Fraas na Remes, na katikati kuna vita mbili kuu na maktaba zilizohama. Kilichomwezesha Remes kufuata njia hiyo ni kwamba kila aliyepita aliacha jina, mwaka, jarida na ukurasa. Je, mtu wa mwaka 2120 ataweza kufuata njia ya utafiti wetu wa leo wa ufuta wa Lindi?

Upo pia udanganyifu mdogo ambao umezoeleka mpaka hauonekani, wa kunukuu kitu ambacho hukukisoma. Wangapi wanaoandika "Janensch, 1914" wamewahi kuiona ile makala ya Kijerumani? Karl Weule alisafiri kusini mwaka 1906, akapita Lindi, Masasi na kukaa Newala, na kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner mwaka 1909. Anayeandika kuhusu Wamakonde leo amesoma Kiingereza, na APA inampa njia ya kusema ukweli huo: Weule, 1908/1909. Kama hakukiona kabisa ila amekikuta ndani ya makala ya mtu mwingine, aandike hivyo hivyo, kwamba kimenukuliwa na fulani, na kwenye orodha aweke kile alichokishika. Wanafunzi wanaona aibu kuandika "kama alivyonukuliwa katika". Kwangu mimi maneno hayo ni alama ya mtafiti mwaminifu.

Sasa niseme la wazee, ambalo linaniuma.

Utafiti mwingi wa kusini unasimama juu ya maneno ya watu wasioandika: bibi wa Kitangari anayejua mbegu za muhogo zilizotoweka, mvuvi wa Mikindani anayesoma kusi na kaskazi, fundi wa vinyago, kungwi wa unyago, mzee wa Kilwa Kivinje anayekumbuka habari za Majimaji kutoka kwa babu yake. APA inayaweka maneno ya namna hii kwenye fungu la mawasiliano binafsi, pamoja na barua pepe na simu. Yanatajwa ndani ya mabano mara moja, kwa jina na tarehe, na hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Sababu wanayoitoa inaeleweka, kwamba msomaji hawezi kwenda kuvitazama vyanzo hivyo. Matokeo yake kwetu ni kwamba kitabu cha mgeni aliyekaa Newala kwa majuma machache kinapata mstari wake kwenye orodha, na bibi aliyeishi Newala miaka themanini hapati.

Kuna tofauti ambayo wengi hawaijui, na kuijua kunasaidia. Wale uliowahoji kama washiriki wa utafiti wako ni data yako. Hawanukuliwi kama vyanzo, na mara nyingi majina yao yanafichwa kwa makubaliano ya maadili. Lakini mzee aliyekufundisha jambo kama mwalimu, akakubali kutajwa, huyo ni chanzo. Na mazungumzo yake yakirekodiwa kwa ridhaa yake, yakahifadhiwa mahali ambapo wengine wanaweza kuyasikiliza, yanaacha kuwa mawasiliano binafsi hata kwa kanuni za APA. Yanastahili mstari wake kwenye orodha kama chanzo kingine chochote.

Huko Kanada mkutubi Lorisia MacLeod alichapisha mwaka 2021 violezo vya kuwanukuu wazee wa jamii za asili. Vinataja jina la mzee, jamii yake, mahali anapoishi, mada aliyofundisha na tarehe, na vinamweka kwenye orodha ya marejeo pamoja na maprofesa. Sioni kinachowazuia wahariri wa majarida yetu ya Kiswahili kutunga chao. Kiwe na jina kamili kama mwenyewe anavyojitaja, kijiji na wilaya, mada, lugha aliyoizungumza, iwe Kimakonde, Kimwera au Kiyao, na tarehe. Heshima za Bibi na Mzee zibaki ndani ya matini, mahali zinapokaa vizuri, ili mpangilio wa alfabeti usivurugike. Mhariri wa jarida la Marekani huenda akakataa, na mwandishi atalazimika kutii. Wa kwetu hana sababu ya kukataa.

Kundi jingine linalopotea ni ripoti. Kituo cha Naliendele, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ndicho kinachobeba utafiti wa korosho kwa nchi nzima, pamoja na mbegu za mafuta. Halmashauri zina ripoti zao, miradi ina zake, vyuo vina tasnifu. Mara ngapi umepewa ripoti ya kilimo kwenye fleshi, ukurasa wa kwanza ni picha ya shamba na nembo, hakuna mwaka, hakuna majina ya waandishi? Aliyeinukuu ataandika "h.t.", yaani hakuna tarehe, na jina la ofisi, na anayemfuata hataipata kamwe. Tangu 2013 kuna hifadhi ya Zenodo, inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi. Inapokea ripoti, data na tasnifu bure na kutoa DOI papo hapo. Kazi hiyo inahitaji bando dogo na ruhusa ya mkuu wa kituo, na mara nyingi kilichokosekana ni ruhusa.

Kuhusu programu, sitarefusha. Zotero ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, na ukishaiweka kwenye kompyuta inapanga marejeo hata intaneti ikikatika. Naipendekeza kwa kila mwanafunzi, kwa masharti mawili yanayotuhusu sisi hasa. La kwanza, taasisi iingizwe kwenye nafasi moja ya jina, isigawanywe. Vinginevyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatokea kwenye orodha kama mtu anayeitwa Takwimu, na nimekuta mstari wa namna hiyo ndani ya miswada iliyokwishatumwa kwa wahariri. La pili, kwenye nafasi ya lugha andika sw. Usipofanya hivyo, mtindo unaotaka herufi kubwa kwenye kichwa cha makala utakichukulia cha Kiswahili kama cha Kiingereza, na utapata "Kilimo Cha Korosho Katika Mkoa Wa Mtwara". Na nukuu zinazonakiliwa moja kwa moja kutoka Google Scholar zihakikiwe kwa kuitazama makala yenyewe, maana mara nyingi zinakosa namba ya toleo, mchapishaji au mwandishi mmojawapo.

Tangu mwishoni mwa 2022, zilipoenea programu za akili unde zinazoandika, hatari imebadilika sura. Mwanafunzi anaiomba programu vyanzo kuhusu ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho, anapewa orodha inayopendeza: waandishi ni watu wa kweli, jarida lipo, mwaka unaelekea, koma zote ziko mahali pake. Makala yenyewe haipo duniani. Orodha ya namna hii inaumiza kuliko ile iliyovurugika, kwa sababu unadhifu wake unamfanya msimamizi asiikague. Namna ya kuikagua ni fupi. Chukua DOI, ifungue kupitia doi.org. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, futa mstari huo na hoja uliyoijenga juu yake. Isiyo na DOI itafute kwa kichwa chake kwenye Crossref, kanzidata ya makala za kitaaluma, au kwenye tovuti ya jarida. Kijana wa steshenari hawezi kukufanyia kazi hii, wala programu haiwezi. Ni ya aliyesoma.

Ndiyo maana nadhani mafunzo ya marejeo yahamishwe kutoka semina ya siku ya mwisho yaende mwanzo kabisa, wiki ile mwanafunzi anapoandika pendekezo la utafiti, na yafanywe akiwa na vyanzo vyake mkononi. Msimamizi achague mistari mitano kutoka kwenye orodha, bila kumwambia mapema, amwombe mwanafunzi afungue kila chanzo na kuonyesha ukurasa aliounukuu. Na taasisi zetu zianze na ripoti inayofuata, iwe ya ufuta, mwani au korosho: ukurasa wa kwanza uwe na majina ya waandishi kama wanavyojiandika siku zote, mwaka, namba ya ripoti, jina kamili la taasisi na DOI, ili mtafiti wa Ruangwa atakayeisoma asilazimike kupiga simu kuuliza ainukuuje.